Malalamiko ya Hamamu ya Kuba Tatu Dhidi ya Mnara Wenye Nyuso Mbili

Hamamu ya Kuba Tatu
(mlangoni, upande wa nje, kwa kuwa ndani kumefungwa)
Mji wa Ain Sukkar
Jumatatu, majira ya machipuko, 1909

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mji, wakiongozwa na Mheshimiwa Shakib Bey, Rais wa Baraza, ambaye natumaini uvimbe wake umepungua.

YAH: KUFUNGIWA HAMAMU YANGU KWA KOSA LA SAA YENU

Waheshimiwa Mabwana,

Baada ya salamu na heshima zote mnazostahili, na nyingine kidogo za akiba zisije zikapungua njiani, mimi ni Wasila binti Dakhil, mjane, mwenye Hamamu ya Kuba Tatu, kama alivyokuwa mama yangu na mama yake mama yangu. Barua hii naisema kwa mdomo na anaiandika Jirjis, yule mwandishi wa barua mwenye meza yake nje ya posta. Jirjis kanionya niwe na adabu. Nimemwambia adabu ninayo tele, kilichonipotea ni hamamu. Basi mkikuta maneno marefu humu, ni yake. Yaliyobaki yote ni yangu na siyakani.

Ombi langu ni moja. Ibandueni ile lakiri nyekundu mliyoibandika mlangoni kwangu, nifungue kazi. Sina shamba, sina duka, sina mtoto wa kunilisha. Nina kuba tatu na maji ya moto. Mkininyang'anya hayo, basi nibebeni na mimi mkaniweke ghalani kwenu pamoja na taa za barabarani zilizovunjika. Sisemi kwa utani. Nimelia mpaka Jirjis kanikopesha leso, na leso yenyewe ina wino.

Sababu zangu ni hizi, na naomba zisomwe kwa sauti kikaoni, na mtu asiruke:

1. Kuhusu nguo ya mlangoni. Tangu hamamu hii ijengwe, wanawake wakiwa ndani, nguo nyekundu ya mistari huning'inizwa juu ya mlango. Mwanamume akiiona anageuka, anakwenda zake kunywa kahawa. Adhana ya adhuhuri ikilia, wanawake wanatoka, nguo inashuka, wanaume wanaingia. Hakuna aliyewahi kukosea. Hata punda wa muuza makaa akiiona nguo ile alikuwa anasimama mwenyewe. Mwaka huu mkaniletea bwana mmoja wa Baraza mwenye kola ngumu, akaitazama nguo yangu kama kaona panya, akasema, "Bi Wasila, mji wa kisasa hautangazi saa zake kwa matambara." Akaichukua. Akanipigilia ubao wa rangi ya kijani ulioandikwa: WANAWAKE, ASUBUHI MPAKA SAA SITA. WANAUME, BAADA YA SAA SITA. Nikamuuliza, "Na hiyo saa sita nitaijuaje?" Akanyoosha kidole kwenye mnara wenu mpya. "Si ile pale! Inaonekana mji mzima."

2. Kuhusu mnara. Inaonekana mji mzima, kweli, lakini haionekani vilevile. Mnakumbuka wenyewe mlivyobishana. Mlianza mikomamanga ikichanua, mkamaliza makomamanga yakioza sokoni. Nusu yenu mkasema saa ihesabu kama tunavyohesabu sisi, jua likizama ni saa kumi na mbili na adhuhuri ni saa sita. Nusu yenu mkasema hapana, meli na posta na mabalozi wanahesabu Kizungu, adhuhuri ni kumi na mbili, na sita yao huja jua likienda kuzama. Mkagombana, mkarushiana tarbushi, halafu mkapatana kwa furaha kubwa: mnara uwe na nyuso mbili! Upande wa mashariki, unaotazama soko, saa yetu. Upande wa magharibi, unaotazama bahari, saa ya Kizungu. Mkapongezana, mkala kondoo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani anakaa upande gani. Basi niwaambie mimi: sokoni wako wanaume. Upande wa bahari ndiko ziliko nyumba zenu, na wake zenu, na madirisha ya hamamu yangu.

3. Kuhusu wanawake kukataa kutoka. Jumatano ya wiki iliyopita adhana ya adhuhuri ilipolia, nikasimama katikati ya ukumbi, nikapiga makofi kama kawaida, "Haya mabibi, wakati umekwisha, wenyewe wanakuja!" Siku zote hapo huwa ni patashika, huyu anatafuta kitana, yule anatafuta mtoto, mwingine anatoka na povu sikioni. Siku hiyo waliendelea kujisugua. Akasimama Bi Mahasin, mke wa Tawfik karani wenu, mwanamke anayejua kusoma maandishi ya aina tatu na hafichi hata moja. Akachungulia dirishani, akanigeukia.

"Wakati upi uliokwisha, Bi Wasila? Ubao wako unasema mpaka saa sita. Mshale uko kumi na mbili. Kutoka hapo mpaka sita ni nusu nzima ya mchana."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni saa ya Kizungu."

"Na ubao umesema saa ya nani?"

Nikaenda kuutazama ubao. Haukusema. Nilichungulia hata nyuma yake, mabwana, na nyuma haukusema.

Hapo Bi Shahinaz, mama mkwe wa Mheshimiwa Rais, akajibu toka kwenye birika la maji moto, "Mimi naoga hapa tangu sijaota meno mpaka yamekwisha kung'oka, na sijawahi kumaliza kusuuza nywele. Leo nasuuza." Wakashangilia. Mmoja akatuma majani ya mzabibu yaliyojazwa wali yaletwe toka kwake, mwingine akatoa tari. Nikawasihi, nikawatishia, nikawaambia Baraza litakasirika. "Baraza gani likasirike?" akasema Bi Mahasin. "Baraza ndilo lililosema!" Nao wote wakapiga vigelegele, "Liishi Baraza! Liishi Baraza!" Nawaapia, sijawahi kusikia Baraza hili likishangiliwa kabla ya siku ile, wala baadaye.

4. Kuhusu mimi kuja kwenu. Nilifanya anachofanya raia mwema. Nikaacha hamamu, nikakimbilia ofisini kwenu kuripoti, kiatu kimoja kimebaki njiani. Tawfik karani akanipokea kwa upole wote. Nikamwambia, "Mwanangu, nataka kumwona Rais sasa hivi, kuna hatari." Akasema, "Mama, Rais yuko kwenye kikao kizito. Kaa benchini." Nikakaa. Kumbe kikao kizito kilikuwa kimetokea mlango wa nyuma, kimetupia taulo begani, kinaelekea kwangu.

5. Kuhusu tukio lenyewe. (Neno "tukio" ni la Jirjis. Mimi nilisema jingine.) Nataka ieleweke kwamba simlaumu Shakib Bey hata kidogo. Alitokea upande wa soko. Akautazama mnara, mshale uko sita. Akaja mlangoni, akausoma ubao, wanaume baada ya saa sita. Akatafuta nguo nyekundu, hakuna, mliichukua. Mtu mtiifu kuliko huyo kwa amri za Baraza sijamwona. Akaingia na wafanyabiashara wawili wa hariri, wakavua nguo chumba cha mbele, wakajifunga taulo zangu, wakaingia ndani. Na Mheshimiwa akaanza kuimba, maana chini ya kuba kila mwanamume hujiona ana sauti.

Mashahidi ni wengi na hawatofautiani. Mkewe aliinua kichwa toka kwenye beseni, akasikiliza, akasema, "Sauti hiyo naijua. Huyo ni wangu. Na bado wimbo anaukosea palepale." Mvuke ulikuwa mzito kama uji, hakuna aliyeona chochote cha kuonwa, hilo naweza kuliapia mbele ya kadhi. Lakini Bi Shahinaz haoni vizuri hata nje ya mvuke, kwa hiyo yeye hakupungukiwa na kitu. Akauvua mtalawanda mmoja mguuni, akaufuata wimbo.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umekuja kunisuuza?"

Mtalawanda, mabwana, ni kiatu cha mti. Ndiyo maana nimeuliza habari za uvimbe hapo juu. Wale wafanyabiashara wawili walipita mbele ya ofisi yenu mbio, nami nikiwa bado benchini, na nilizitambua taulo kabla sijawatambua watu. Naomba zirudishwe, zikiwa zimefuliwa.

6. Kuhusu adhabu. Jioni ileile mkakutana, mkaamua kwamba mwenye hamamu "ameshindwa kuwatenganisha waogaji," mkaja na mshumaa na lakiri, mkanifungia. Mimi! Nilikuwa benchini kwenu! Karani wenu ndiye shahidi wangu! Kama kuna mtu mmoja katika mji huu ambaye saa ile hakuwa na kosa lolote, wala hakuwa na kiatu, ni mimi.

7. Kuhusu maharage. Hili naona hamkulifikiria kabisa. Ninyi mnajua hamamu kwa mbele, hamjui kwa nyuma. Nyuma kuna tanuri, na kwenye majivu ya tanuri lile wauza maharage wa mji mzima huzika vyungu vyao jioni, asubuhi wanavichukua, maharage yamelainika yanayeyuka mdomoni. Uthman, mpasha moto wangu, ndiye anayewapikia kifungua kinywa tangu mko shule, ila hamjawahi kumwona. Sasa tanuri limezimwa. Mji unakula maharage magumu. Wachukuzi wa bandarini wamegoma kunyanyua magunia, wanasema hawawezi kuinama na maharage yale tumboni. Meli imekaa na shehena yake. Na mabalozi, wale mliowawekea uso wao mnarani, wanauliza kwa nini. Waambieni basi.

8. Kuhusu maharusi. Mwanamke mwenye mwana wa kuoa atamtazama wapi binti wa watu, ajue kama ana afya, kama nywele ni zake, kama akikanyagwa anatukana? Hamamuni. Sasa akina mama wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanabisha hodi, wanasema wamekuja kuazima chumvi, halafu wanavuta nywele za mabinti. Jana kwa muuza nyuzi wamevuta wigi la bibi wa nyumba. Uchumba umevunjika, na bibi mwenyewe hakuwa ndiye anayechumbiwa.

9. Nasikia kikao chenu cha juzi kilifanyika madirisha yote yakiwa wazi, na kila mjumbe akapendekeza mwenzake ahamie kiti cha mbali. Sisemi kitu. Naandika tu kwamba nasikia, na tangu juzi upepo ukivuma toka kwenu nasikia zaidi.

Baada ya sababu hizo, Waheshimiwa, kumbe dawa ni rahisi. Kwanza lakiri itoke. Pili, nguo yangu nyekundu irudi mlangoni, na ubao mkautumie kufunikia kisima. Tatu, wanawake waambiwe na Baraza, kwa maandishi, kwamba watoke adhuhuri kama walivyotoka mama zao na bibi zao. Hilo nalisisitiza sana. Nusu ya mchana ya nyongeza haikuwa haki yao, waliichukua kwa ujanja wa dirishani. Nani aliwaambia mwanamke anahitaji mchana mzima kuoga? Mwanamke akiachiwa maji ya moto na nafasi ataanza kufikiri, akishafikiri atazungumza na mwenzake, na wakishazungumza mpaka mwisho wa mazungumzo, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika mji huu kwa sababu siku zote adhana huwakata katikati, mimi sijui mtatawala nini.

Kama hamtaki kurudisha nguo mlangoni kwangu, basi shonesheni nguo kubwa mkaufunike mnara wenyewe kila wanawake wanapokuwa ndani. Mkiona hilo gharama, uzungusheni mnara, kila upande upate siku yake. Mkiona mnara hauzunguki, hamisheni nyumba za upande wa bahari ziende upande wa soko. Mbona soko la punda mlilihamisha ili mnara upate pa kutupia kivuli? Na mkishindwa yote hayo, nina pendekezo la mwisho ambalo Jirjis alikataa kuliandika mpaka nilipomvutia kiti alichokalia. Uondoeni mshale, zitoeni nyuso zote mbili, mkamweke Bi Shahinaz juu ya mnara na mtalawanda wake. Huyo anaonekana na kusikika pande zote, hana haja ya kutiwa ufunguo, na akisema wakati umekwisha, hata Rais anajua kwamba umekwisha.

Nawaomba kwa unyenyekevu mnijibu haraka. Kila asubuhi naamka, nafunga kilemba, nachukua ufunguo, natembea mpaka mlangoni, ndipo nakumbuka. Nakaa kizingitini. Watu wananisalimu kama wanavyomsalimu mfiwa. Hili silisemi kwa kejeli, mabwana. Linaniuma.

Wasalimieni wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Msalimieni Tawfik, mwambieni benchi lake linachoma. Wasalimieni wafanyabiashara wa hariri, na salamu zao ziwafikie wakiwa wamevaa. Shakib Bey abandikwe kitunguu cha kuchoma, kinanyonya uvimbe. Jirjis naye anawasalimu, anasema yeye ni kalamu tu na ana watoto.

Ni mimi, raia wenu mtiifu, msafi wa moyo kwa kuwa kwingineko siwezi tena,

WASILA BINTI DAKHIL
(dole gumba, na Jirjis shahidi)

Nyongeza baada ya sahihi:

Waheshimiwa, barua hii msiijali. Naieleza sababu upesi kwa kuwa nina haraka.

Jirjis alipokuwa anaikunja, akapita Bi Mahasin na kikapu chake, akaomba aisome. Akaisoma kwa sauti. Alipofika pale pa kuwatoa wanawake adhuhuri akaweka kikapu chini, akasema taratibu, "Bi Wasila, wewe mwenyewe ulioga lini mara ya mwisho?" Nikamwambia, ala, mimi mwenye hamamu uniulize lini nimeoga? "Sikuulizi kujimwagia maji," akasema. "Nauliza kuoga. Ukae, usuguliwe, ulale kwenye jiwe la moto, mwenzako akusimulie habari mpaka iishe."

Nimezaliwa chini ya kuba zile, mabwana. Maisha yangu yote nimesimama pale katikati nikipiga makofi kuwatoa wenzangu, kisha nikachota mabaki ya maji nikajimwagia mlango mmoja wazi, kwa kuwa wenyewe walikuwa wanakuja. Sijawahi. Hata siku ya harusi yangu mama alinipigia makofi.

Basi akapiga ukelele mmoja pale barabarani, na upande mzima wa bahari ukatoka na mabeseni. Hakuna aliyeivunja lakiri, nataka hilo liandikwe. Waliipumulia tu, kwa zamu, mpaka ikalainika ikadondoka yenyewe. Uthman kawasha tanuri. Wote wako ndani, na wake zenu wote bila kukosa hata mmoja, mke wa Shakib Bey ndiye anayegawa sabuni, na Bi Shahinaz kakalia kiti changu cha mlangoni na silaha mkononi. Wanasema watatoka saa sita, ile ya upande wao, na ikifika watautazama ubao tena waone kama umesema sita ya leo.

Kwa hiyo mnara uacheni ulivyo, nyuso zote mbili, msiguse hata msumari. Ubao uacheni. Nguo kaeni nayo. Chakula cha jioni msikingoje, mjipikie, maharage magumu yapo. Nisingeongeza neno jingine, ila Jirjis anauliza barua aifikishe kwa nani ikiwa sina malalamiko tena. Nimemwambia awapelekee tu, mpate la kujadili jioni. Ananiita Bi Mahasin huko ndani, jiwe limeshapata moto, wameniachia nafasi katikati.